Ufunguo wa Saa Kumi na Nusu

Cherehani yangu iko barazani, imeelekea barabara, na watoto wa Walukuba, mtaa wetu hapa Jinja, Uganda, nimewajua kwa sare zao kabla ya kuwajua kwa majina. Yule sketi yake niliteremsha pindo mwaka jana, nikateremsha tena mwaka huu, sasa hakuna kitambaa kilichobaki. Huyu kaptula ni ya kaka yake, nimeipunguza kiuno mara mbili. Mwendo wa saa kumi na nusu jioni wote hupita mbele yangu, miguu vumbi tupu, na ukikaa hapo miaka unaanza kujiuliza: hawa wanakwenda wapi?

Nisijisifu, swali hilo halikuja kwa hekima. Lilikuja kwa sababu ya mwanangu. Mwaka 2015 alikuwa na miaka 13, na mimi nilijua akitoka shule anakwenda Masese, mtaa wa jirani, kwa shangazi yake kusoma. Siku moja nikaenda Masese kudai pesa ya gauni, shangazi mtu akaniuliza mbona mtoto haonekani wiki ya tatu sasa. Nikamkuta kwenye kibanda cha sinema. Amekaa kwenye ubao katikati ya wanaume wazima, VJ, yule mtafsiri wa kibandani, anapayuka kutafsiri filamu kwa Kiganda, na mfukoni mwake karatasi ya kubeti. Siku hizi sheria, ile ya 2016, inataka mtu awe na miaka 25 ndipo acheze kamari. Lakini karatasi haiulizi umri, na mtoto hakosi mkubwa wa kumtuma.

Nilimchapa. Kesho yake alipita nyuma ya nyumba ili nisimwone.

Mtu asiyeijua Walukuba atasema mzazi hakulea. Aje aone nyumba zetu. Mtaa huu serikali ya kikoloni iliujenga kwa ajili ya wafanyakazi, wakati Jinja inageuka mji wa viwanda na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, linaleta umeme. Wakaja Wateso, Wajaluo, Wagisu, Wasamia, Walugbara, pamoja na Wasoga wenyewe wenye ardhi. Mtu na jirani yake hawaelewani, wakashika Kiswahili. Viwanda vingi vilidhoofika baada ya Wahindi kufukuzwa 1972. Nyumba zikabaki, Kiswahili kikabaki, na chumba kilichojengewa kibarua mmoja sasa kinalala watu sita. Mtoto akirudi shule saa kumi na nusu, ndani kuna mdogo amelala, kuna jiko, kuna mama anachambua mukene, dagaa wa ziwani, wa kuuza. Hana pa kukaa mpaka giza liingie watu wapangane kulala. Kibanda cha sinema kina ubao wa kukalia. Ndicho kilichomvuta mwanangu, kuliko hata hiyo filamu.

Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha nguo, alikuwa na stoo ya mahindi isiyokuwa na mahindi. Nikamwomba. Akanipa ufunguo na sharti moja, nisiruhusu mtu kupiga misumari ukutani. Tulianza na watoto tisa, mwanangu akiwa wa tisa, tena kwa kuburutwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani watoto wanahitaji kusoma zaidi. Nikamtafuta mwalimu wa P.6, darasa la sita la msingi, awape kochingi, masomo ya ziada. Akaja na chaki zake, akaandika sehemu na desimali kwenye ubao tuliouegemeza kwenye kiti. Siku ya tatu watano walikuwa wamelala, vichwa juu ya magoti. Mwalimu akakasirika, mimi nikakasirika zaidi, kwa sababu nilikuwa namlipa. Kisha msichana mmoja mdogo akaniambia, kwa adabu kabisa, "Shangazi, mimi nimekaa tangu saa moja asubuhi." Tangu saa moja asubuhi! Mimi mwenyewe nikikaa kwenye cherehani saa nne mfululizo mgongo unalia.

Mwalimu tuliagana vizuri. Wiki iliyofuata nikatoa kandambili za nyumbani na mpira wa kufunga kwa mifuko ya nailoni, nikawaambia wacheze kwepena. Mgeni asiyejua: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, mmoja katikati anakwepa, na huku anakwepa anapanga kandambili au anajaza chupa mchanga. Jina lenyewe linafanana na "kukwepa" ya Kiswahili, ingawa watoto wa Kiganda hukuapia ni la kwao. Nusu saa walicheza hivyo, wakapiga kelele mpaka mzee akatoka kuangalia. Ndipo mmoja, bila kuambiwa, akatoa daftari lake akaketi mlangoni penye mwanga. Mwingine akamfuata amnakili. Tangu siku hiyo mpangilio wetu haujabadilika sana: mchezo kwanza, uji, halafu madaftari kwa anayetaka. Wengi hutaka. Asiyetaka kuna bao, na kuna mabaki ya vitambaa vyangu na sindano.

Uji niuzungumzie, maana watu wengi wanaotaka kuanzisha kitu kama hiki huuacha mwisho kwenye hesabu zao. Kule Katwe, Kampala, Robert Katende alipokuwa akifundisha chesi watoto wa mtaani, kikombe cha uji kilikuwa sehemu ya mwaliko. Mmoja wa waliokuja ni Phiona Mutesi, ambaye mwaka 2010 aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi huko Urusi. Sisemi uji ndio uliompeleka Urusi. Nasema mtoto aliyekula saa saba mchana kikombe kimoja, au hakula, huwezi kumfundisha chesi wala kwepena. Kilo moja ya unga wa mahindi ukiipika nyepesi inatoa vikombe vidogo kama thelathini. Sukari ndiyo inayoumiza. Tuko kilomita chache kutoka mashamba ya miwa ya Kakira na sukari bado inatushinda. Tukijaliwa tunatia, tusipojaliwa tunakamulia ndimu.

Sasa daftari la mahudhurio. Nilianza kuliandika kwa mazoea ya fundi: huwa naandika kila nguo iliyoingia na iliyotoka. Miezi ya mwanzo nilikuwa nahesabu waliokuja, najipongeza. Watoto 20! Watoto 26! Siku moja mvua ilikuwa kubwa, hakuna wateja, nikaanza kulisoma daftari kwa upande wa pili, nani hayupo. Wasichana. Siyo kwamba hawakuja kabisa. Walikuja Jumatatu, wakakosa Jumanne na Jumatano, wakaja Alhamisi wamechelewa, uji umekwisha.

Nikamfuata mama wa mmoja wao, anauza chapati pale kona. Nilikwenda na maneno ya kumsema, ya haki za mtoto wa kike, niliyoyasikia redioni. Hakuniacha nimalize.

"Mama Fundi, maji yako wewe nani huchota?"

Nikanyamaza. Yangu huchota mpangaji wangu, namlipa.

"Basi. Mimi unga wa chapati za asubuhi nakanda usiku. Bila jerikeni mbili jioni hakuna chapati, bila chapati hakuna hiyo shule unayosema. Niambie nani aende."

Nilirudi barazani nimenyooka. Tukakaa na wamama wanne, tukakubaliana jambo dogo sana. Wasichana waje na jerikeni zao. Wakitoka shule wapitie bombani waziache kwenye foleni, mmoja wetu mtu mzima abaki pale azilinde na kuzisogeza, wao waje wacheze. Zikijaa, wavulana wakubwa waende kuzibeba mpaka ukutani kwetu. Wavulana walinuna wiki mbili. Mpaka leo ukifika saa kumi na moja na nusu utaona jerikeni za njano zimepangwa ukutani, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake kwenye mkono isije ikachanganywa. Vitambaa hivyo ni vipunguo vyangu. Najua cha kitenge ni cha nani, cha satini ni cha nani. Nikiona satini haipo, sihitaji daftari.

Hayo ndiyo mazuri. Mwaka 2018 tulipata wafadhili.

Shirika lenyewe sitalitaja, na watu wake hawakuwa wabaya. Walikuja na gari, wakapiga picha ya jerikeni, wakasema wameguswa. Wakati huo tulikuwa na watu wazima watano wanaosaidia bila malipo: mimi, yule mzee, mama wa chapati siku zake za nafasi, kijana wa boda na dada mmoja aliyemaliza S.4, yaani kidato cha nne. Shirika likasema kazi hii isifanywe bure, kila msaidizi atapewa kitu kidogo kwa siku. Wao wakakiita fasilitesheni. Kwa Kiswahili cha Dar ingeitwa posho, lakini kwetu Uganda posho ni ugali, na tulicheka sana siku ile kwamba sasa tutalishwa.

Tukalishwa miezi minane. Wasaidizi wakawa kumi na moja. Sikujua Walukuba ina watu wengi namna ile wapenda watoto. Wafadhili wakataka namba, tukawapa namba. Watoto wakafika 140 katika stoo ya mahindi. Hakuna kwepena inayochezeka na watoto 140, kwa hiyo tukawapanga mistari, tukawaimbisha. Nikajikuta nawaambia "keti kimya" kwa sauti ileile ya mwalimu niliyemwachisha. Tulishona fulana za rangi moja, mimi ndiye niliyeshona, na nililipwa vizuri, sikatai.

Mwezi wa tisa wa mradi barua ikaja kwamba umefika mwisho. Jumatatu iliyofuata nilifungua mlango nikamkuta mzee peke yake. Kijana wa boda, aliyekuwa akija bure miaka mitatu, nilimkuta stendi. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mama, sasa nikija bure nitaonekana mjinga." Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Kabla ya zile pesa, saa moja yake ya jioni ilikuwa zawadi, haina bei. Shirika likaipa bei. Kitu kikishapewa bei, ukikitoa bure unaonekana umepunjwa. Sisemi watu wasilipwe. Nasema ukitaka kulipa, anza na kiasi ambacho mtaa wenyewe unaweza kuendelea kukitoa siku gari likiondoka, na kama kiasi hicho ni sifuri basi nunua unga, tengeneza paa, lipia choo. Paa halitadai fasilitesheni. Siku moja niliwahi kuwaambia hivyo watu wa shirika jingine wakaandika kwenye kompyuta zao; sijui waliandika nini.

Tulibaki na watoto 30 hivi, na nadhani tulikuwa tunapumua tena. Halafu Machi 2020 shule zikafungwa. Uganda ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko nchi zote duniani. Shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Stoo nayo ikafungwa kwa amri, na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, alikuja mwenyewe kuhakikisha. Sitaki kuuandika muda ule kwa urefu. Kitambaa cha satini kilikwenda kijijini kwa bibi, kikarudi na mtoto mgongoni. Wavulana wawili walikwenda kukata miwa, mmoja amerudi. Waliorudi shule wengi walipandishwa darasa hivyohivyo, na nikawa na mtoto wa P.4 anayeshika penseli kama anashika kisu.

Hao ndio walionilazimisha kubadili tena. Kwa mara ya kwanza mchezo peke yake haukutosha; watoto waliona aibu kwa wadogo zao. Hatukurudi kwenye ubao. Dada mmoja aliyekuwa amemaliza S.6, kidato cha sita, alileta wazo la kuwapanga kwa herufi wanazojua, siyo kwa darasa wala umri, na kuanza kwa Kiswahili kwa sababu kinasomeka kama kinavyoandikwa. Mtoto anayeona "ba, be, bi" inasema kitu anachokisema nyumbani kila siku, anapata moyo wa kwenda kupigana na Kiingereza. Julai ya mwaka huohuo wa 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Watoto wetu walitamba. Kwa miaka mingi walikuwa wanachekwa kwamba ni lugha ya askari na wezi; sasa walimu wengine wanawauliza wao.

Yule dada alitufungulia na mlango mwingine. Anayemaliza S.6 mwezi wa Desemba hukaa nyumbani mpaka Agosti hivi ndipo chuo kikuu kifunguliwe, na kipindi hicho kirefu wazazi huwa hawajui wamfanye nini. Sisi tunamchukua. Kila mwaka tunapata wawili au watatu. Hatuwalipi, mwisho wa muda wao mwenyekiti wa LC anawaandikia barua yenye muhuri, nami nawashonea shati moja la kuendea chuo, kwa vipimo vyao, shati la kweli. Dawa hii ina tundu lake, nalisema wazi: kuanzia Septemba wameondoka, na hapo ndipo P.7 wanakaribia mtihani wao na kila mtu ana wasiwasi. Miezi hiyo tunachechemea. Mwaka jana nilifunga siku nne kwa kukosa mtu wa pili.

Mtu wa pili ni sheria yetu. Watu wazima wawili, mlango wazi, na hakuna mtoto anayebaki na mkubwa mmoja, hata mkubwa huyo awe mimi. Kuna bwana alijitolea kufundisha wasichana hesabu usiku, kwake, bure, kwa sababu mchana ana kazi. Tulimshukuru tukakataa. Akasema tunamtukana. Labda tulimtukana, afadhali hivyo. Stoo haina umeme, na sitaki uwekwe. Hapa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi mwaka mzima, hivyo saa kumi na mbili na robo vikombe vinaoshwa, jerikeni zinainuliwa, na kila mtoto anafika kwao akiwa bado anaona anapokanyaga.

Na unga sasa unatoka kwa wazazi. Kila Jumatatu kikombe kimoja cha plastiki, kwa anayeweza. Kikombe chenyewe ni cha stoo, cha bluu, kinazungushwa nyumba kwa nyumba na watoto wawili wa zamu, kwa sababu tulipowaachia watu vikombe vyao kila mwezi vilizidi kuwa vidogo. Asiyekuwa nacho hutoa kuni, au hukaa bombani kulinda foleni. Mama wa chapati hutoa kikombe na nusu, na huwa anahakikisha nimeiona hiyo nusu.

Ufunguo ulikuwa mmoja, mfukoni mwangu. Mwaka juzi nililazwa kwa malaria siku tano, na stoo ikafungwa siku tano, watoto wakaketi nje mbili za kwanza, ya tatu hawakuja. Nilipotoka nilikwenda kwa fundi wa makufuli nikachongesha mingine mitatu. Mmoja anao mwanangu. Sasa anaendesha boda, hana subira na watoto hata kidogo, na sijawahi kumsikia akisema neno juu ya kile kibanda cha sinema. Lakini nikichelewa mjini kununua vitambaa hupita, hufungua, hukaa juu ya pikipiki yake mlangoni mpaka mtu mwingine afike, kisha huondoka.

Mzee wetu alifariki Aprili. Watoto wake wako Kampala, na wamepata mtu anayetaka kupanga stoo aweke mahindi, safari hii mahindi ya kweli, magunia. Siwalaumu, ni mali ya baba yao na kodi ni kodi. Tumeomba kikao Jumamosi. Mwenyekiti wa LC atakuja, mama wa chapati atakuja, na wale wa S.6 wametengeneza karatasi yenye namba za mahudhurio ya miaka mitatu. Mimi nitakwenda na daftari lenyewe, kwa sababu ndani yake kuna mwandiko wa mzee siku alizokuwa akinishikia zamu. Aliandika kwa kalamu nyekundu, na pembeni ya jina la kila mtoto aliyechelewa aliandika sababu: maji, maji, maji, mvua, maji.

Leo wamekuja 34. Ukutani jerikeni kumi na mbili.